Kabla Hajajua Kusema

Mdogo wangu wa kike alimleta binti yake Bwera siku ya soko, asubuhi, juu ya lori lililopakia chumvi ya Katwe. Wakati huo nilikuwa na duka dogo la vitenge kwenye barabara inayoteremkia mpakani, na siku ya soko sikuwa na nafasi hata ya kumeza mate. Alinikuta nampimia mteja kitambaa. Akakaa kwenye mkeka, akangoja, akanywa chai niliyommiminia, kisha akaniambia kwamba anavuka kwenda Kongo kutafuta maisha, na atamfuata mtoto akishapata mahali pa kukaa.

"Ana miaka mingapi sasa?" nilimuuliza, maana mara ya mwisho nilimwona akiwa mchanga.

"Anakaribia minne," alisema. "Hasumbui, dada. Hata hutajua kama yuko."

Alipoondoka hakumuaga mtoto, na mtoto hakumtazama. Alikuwa ameshapanda mapajani mwa mteja wangu, mwanamke wa Munkunyu ambaye hakuwahi kumwona maishani, akawa anachezea hereni zake. Yule mama alifurahi sana.

"Huyu ana baraka," alisema. "Hana uoga wa watu."

Nilikubaliana naye. Kwa miezi mingi tuliamini kwamba tumeletewa mtoto mwepesi.

Nyumbani tulikuwa wanne kabla hajaja: mimi, mume wangu na watoto wetu wawili waliokuwa wameshaanza shule ya msingi. Mume wangu alikuwa na Fuso moja, akibeba kahawa na mahindi ya wakulima wa Munkunyu na Kasese kuleta mpakani, na kurudi na chochote kilichopatikana. Ukoo wetu ni wa Kiislamu, wa biashara na magari, tumekaa Kasese tangu enzi za babu. Jamaa wengi, vyumba vichache. Mtoto wa ndugu kulelewa kwako si jambo la kuitia watu kikao. Nilimnunulia kandambili na godoro, maisha yakaendelea.

Wenye kulea wanajua kwamba nyumba yenye mtoto wa miaka minne ina kelele. Yetu haikuwa nazo. Maneno aliyoyajua yalikuwa ya kuhesabika, na hayo nayo aliyatamka kama mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Akitaka maji hakuomba. Aliyaendea mwenyewe au alikaa bila. Akiamka asubuhi hakuita mtu. Ungefungua mlango wa chumba ukamkuta amekaa kitako juu ya godoro, macho wazi, anangoja, na hujui amekaa hivyo tangu saa ngapi. Wakati mwingine alijitikisa mbele na nyuma, polepole, kama mtoto anayesoma Kurani chuoni.

Jioni moja nilikuwa napika uani kwenye sigiri, na kaa moja likaanguka chini. Nilikuwa nimempa mgongo. Nilichokisikia kwanza ni harufu. Nilipogeuka nikamkuta amekanyaga lile kaa, ameinua mguu na anautazama unyayo wake kama anatazama kitu cha mtu mwingine. Hakulia. Hakuniita. Nilimbeba mbio kwenye maji, naye akawa mkavu mikononi mwangu, hakunikumbatia wala hakunisukuma. Malengelenge yalikuwa makubwa. Mume wangu alipoyaona alisema mtoto huyu ni jasiri, na watoto wetu wakaenda kuwasimulia wenzao shuleni.

Kisha kulikuwa na chakula. Alikula kila alichopewa, haraka, akiinamia sahani, na bado alificha. Nilikuta bundu, ule ugali wetu wa muhogo, umekauka chini ya godoro, ndani ya kandambili, nyuma ya mtungi. Siku moja mteja aliomba kuona kitenge cha rafu ya chini. Nilipokikunjua, bonge la bundu likadondoka miguuni pake, gumu kama jiwe. Mteja alicheka. Mimi pia nilicheka, lakini kitenge kilikuwa kimeingia doa.

Kilichonitia hofu hasa ni kwamba alikwenda na mtu yeyote. Alinyoosha mkono kwa wachukuzi, kwa wanajeshi wa kizuizi cha mpakani, kwa waendesha bodaboda. Siku moja alipotea tangu asubuhi. Tulimtafuta mtaroni, msikitini, nyumba kwa nyumba. Mchana akarudishwa na mwanamke Mkongomani aliyekuwa akiuza sombe, majani ya muhogo, upande wa pili wa mpaka, amemshika mkono.

"Mama, huyu mutoto ni wako?" aliniuliza. "Namukuta kule ng'ambo, iko anafwata watu tu. Alinikamata mukono, tukaenda. Nikazani mama yake iko nyuma."

Nilimshukuru, nikamkalisha, nikamletea soda. Aliinywa huku akimwangalia mtoto, ambaye alikuwa ameshaanza kumpapasa begi lake.

"Mama, usikasirike," alisema. "Mutoto anafaa aogope mutu. Huyu haogope mutu. Hiyo si muzuri."

Maneno yale yalinikaa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuona ubaya katika kile ambacho sisi tuliita baraka.

Niliwauliza wakubwa. Mama yangu, aliyeishi Kasese mjini, alinisikiliza kwenye simu mpaka mwisho, kisha akasema, "Ametoka mahali pagumu, atasahau. Mtoto mdogo hakumbuki kitu." Mume wangu alimwita sheikh, akamsomea, akamwachia maji ya kunywa. Jirani yetu, Mkristo wa kanisa la pale juu, alikuja na wenzake wawili, wakamwombea kwa upole, wakiwa wamemwekea mikono kichwani. Mtoto alikaa kimya kwa sheikh na alikaa kimya kwa wanakanisa, na mwisho wa kila dua alijaribu kuondoka nao.

Mwaka uliofuata nilimpeleka nasale, shule ya wadogo iliyokuwa nyuma ya soko. Mwalimu alikuwa msichana mchangamfu, mwenye sauti ya kuimba. Wiki za kwanza alisema mtoto hajifunzi lakini hasumbui. Halafu ikaja siku ya upepo. Mvua ilikuwa inashuka kutoka milimani, mabati yanapigapiga, na mwalimu akaufunga mlango wa darasa kwa komeo ili usiwagonge watoto. Yule wetu akaruka kutoka kwenye benchi. Aliukwaruza mlango kwa kucha, akawapiga wenzake waliokuwa karibu, na mwalimu alipomshika kiunoni akamuuma mkono mpaka damu. Baadaye akaanguka sakafuni, akakauka kama gogo, macho wazi. Nilipofika alikuwa bado katika hali hiyo, na amejikojolea.

Mwalimu alikuwa amefunga mkono kwa kitambaa. Hakuwa na hasira. Alikuwa na woga.

"Mama, simchukii," aliniambia. "Lakini nina watoto wa watu humu. Mpeleke hospitali kwanza."

Hospitali kulikuwa na musawo mmoja, yaani mtabibu, mwanamke wa makamo, aliyepewa siku moja ya wiki kuwaona watoto wenye matatizo ya kukua. Foleni yake ilikuwa ndefu na ya kimya. Kwanza alimpima masikio, maana asiyesema mara nyingi hasikii. Masikio yalikuwa mazima. Akampima kichwa, akamwangalia macho, akampa kopo na vizibo vya soda, akakaa kumtazama anavyovipanga. Kisha akaniuliza:

"Kabla hajaja kwako, siku yake ilikuwaje? Akiamka, nani alikuwepo? Akilia, nani alikuja?"

Nilisema alikuwa na mama yake, Katwe. Nilisema mama yake anakata chumvi. Zaidi ya hapo sikujua.

"Nenda ukaulize," alisema. "Usiende kutafuta mkosaji. Nenda ukajue nini kilitokea."

Nilimwambia kile alichosema mama yangu, kwamba mtoto mdogo hakumbuki. Musawo alitikisa kichwa, si kwa dharau. Alieleza polepole, akivisogeza vile vizibo mezani. Alisema ni kweli mtoto wa umri ule hawezi kusimulia, lakini kusimulia si kukumbuka kote. Ubongo wa mtoto unajijenga miaka ile ya kwanza, na unajijengea mahali ulipo. Mtoto akilia na mtu akaja, anajifunza kwamba sauti yake ina kazi, na mwenye kuja ana uso wake na harufu yake. Akitabasamu, mtu akatabasamu. Akisema "ba", mtu akasema "baba". Kwenda na kurudi, maelfu ya mara, ndiko kunakofundisha kusema, kupenda, kuogopa, hata kujua kwamba unaumwa. "Asipokuja mtu," alisema, "kilio anakiacha. Si kwamba hana maumivu. Hajui kwamba maumivu ni ya kuambiwa mtu."

Niliandamana na mume wangu safari iliyofuata ya chumvi. Kutoka Bwera unapita tambarare, unafika Kikorongo, kisha unaingia upande wa Katwe; kabla hujaliona ziwa la chumvi unalisikia puani. Wanaume walikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, wakivunja mabamba ya chumvi chini. Wanawake walikuwa kwenye viwanja vya udongo kandokando, wakikusanya ile nyeupe. Nilimuuliza mwanamke wa kwanza kuhusu mdogo wangu, akanielekeza kwa mwingine, naye kwa wa tatu.

Huyo wa tatu alikuwa amepanga chumba cha jirani naye. Alinawa miguu, akavifunika vidonda vya chumvi kwa kanga, tukakaa kwenye kivuli cha ghala.

"Mdogo wako alikuwa mchapakazi," alianza. "Mwanamume wake alikuwa wa Katunguru, mvuvi. Alipoenda hakurudi. Mtoto alikuwa hajatambaa."

"Alimwacha na nani akija kazini?"

Alisema ilikuwapo desturi ya kuja na watoto kwenye viwanja, ukimweka wako kwenye ukingo. Msimu ule mtoto wa mwenzao alitumbukia kwenye kiwanja cha maji ya chumvi, akaopolewa amekufa. Mdogo wangu alikuwepo, yeye ndiye aliyemwopoa. Kuanzia kesho yake hakuja tena na mtoto. Alimwachia sahani ya posho, ugali wa mahindi, na kikombe cha maji, akafunga mlango kwa kufuli, akaweka ufunguo shingoni.

"Asubuhi mpaka lini?"

"Mpaka kazi iishe. Siku za lori, mpaka jua lizame."

"Na mtoto?"

"Mwanzoni alilia," alisema. "Alilia sana. Sisi tuliopita tulimsemesha mlangoni, na mimi nilimpenyezea kipande cha muwa pale chini bati lilipokunjika. Halafu akaacha kulia. Tukasema, amezoea."

Aliponiambia neno hilo hakuinamisha kichwa wala hakuninyooshea kidole. Lilikuwa neno tu lililotumika.

Alinipeleka kukiona chumba. Kulikuwa na mpangaji mwingine, kijana wa kupakia malori, aliyenikaribisha bila kuuliza. Hakikuwa na dirisha. Mlango ulikuwa wa bati, na kona yake ya chini ilikuwa imekunjwa nje kama sikio. Kijana aliposukuma mlango kunionyesha jinsi unavyofunga, mwanga uliobaki ulikuwa ule wa kwenye kona, umelala sakafuni. Nilimshukuru, nikatoka. Kwenye lori mume wangu aliniuliza tulipopita Kikorongo, na nilipomweleza alisema, "Miaka miwili na zaidi?" Nikasema ndiyo.

Juma lile lile nilikwenda Kasese kwa mama. Nilimsimulia yote. Nilidhani atamlaani mdogo wangu, lakini aliendelea kuchambua mchele, na alipomaliza akasema jambo ambalo hatukuwahi kulizungumza.

"Unakumbuka alipozaliwa?"

Nilikumbuka. Ilikuwa miaka ya waasi, watu wakishuka kutoka milimani na magodoro vichwani. Nilikuwa na umri wa kubeba mtoto mgongoni, na nilimbeba yeye. Nilikumbuka pia mama akiwa amelala ameelekea ukutani, msimu mzima, baada ya kaka zake wawili, wajomba zangu, kuuawa.

"Sikumtazama," mama alisema. "Nilimnyonyesha bila kumtazama. Walikuwa wananiletea, nanyonyesha, wanamchukua. Alikuwa mtoto mtulivu mno. Nilimshukuru Mungu kwa utulivu wake."

Akamwaga makapi, akaenda jikoni. Mdogo wangu hakuwahi kutulia mahali tangu apate akili: shule tatu, waume wawili, miji nisiyoijua. Sisi tulisema ni tabia yake, ana miguu ya kutembea. Sidai kwamba miezi ile ya ukutani ilimfanyia yote hayo. Musawo mwenyewe, nilipomuuliza, alisema hakuna anayeweza kuapa. Lakini tangu siku ile nimeacha kuwaambia watu kwamba mtoto mtulivu ni bahati.

Musawo alitupa kazi ambazo ukizisikia ni ndogo. Akijigonga, hata kama hakulia, tumkimbilie kana kwamba amelia. Tumshike pale palipouma na kuliita jambo kwa jina lake: umeumia, pole, inauma. Akiguna, tumjibu. Tusimwachie kila mtu ambebe. Kwa muda, mikono iwe ya wachache, ile ile. Tukitoka, tumwambie tunatoka na tutarudi. Tukirudi, tumwambie tumerudi. Tumpe kikapu chake cha chakula kisichoisha kamwe, na tusimkemee akificha. Na tusimfungie mlango.

Nilirudi dukani na macho mengine. Jioni nilipofunga duka, nilipobana kufuli na likalia "ka", nilimtazama badala ya kutazama ufunguo. Mabega yake yalipanda, shingo ikapotea, na macho yakawa ya mtu ambaye hayupo. Ilikuwa ikitokea kila jioni, mita moja kutoka kwangu. Kesho yake nilimpa kufuli lenyewe alichezee mchana. Alilitazama muda mrefu. Nilimwonyesha ufunguo unavyoingia, kufuli likafunguka. Nikafunga, nikampa ufunguo. Vidole vyake havikuwa na nguvu, nikamsaidia. Baada ya miezi kadhaa ikawa kazi yake: mimi nafunga, yeye anafungua asubuhi, na wateja wakajifunza kumngoja.

Mume wangu hakupenda mambo haya mwanzoni. "Mtoto halelewi kama yai," aliniambia. "Sisi tulifungiwa, tulichapwa, na tuko hapa." Sikubishana naye. Lakini habari za Katwe zilimkaa, akaanza kumchukua kwenye Fuso safari fupi fupi, vioo vikiwa chini. Jioni moja walirudi na kabla hajazima injini alinipungia mkono niende.

"Amesema," aliniambia.

"Amesema nini?"

"Ng'ombe walikuwa barabarani, nikapiga honi. Akacheka. Nikamtazama, akasema, 'Tena.' Nikapiga. Akasema tena, 'Tena.' Nimepiga honi kutoka darajani mpaka hapa, watu wananiona mwendawazimu."

Maneno yalianza kuja, kwa mafungu, na si kwa mpangilio wa vitabu. Alijua "honi" na "gia" kabla ya kujua "kijiko". Hakukuwa na siku moja ya kupona. Zilikuwepo wiki nzuri, halafu angeiba mkate wa jirani au angempiga mwanangu mdogo kwa fimbo bila sababu iliyoonekana, na watu wangeniambia nimemharibu kwa kumdekeza. Nilipomlalamikia musawo, aliniuliza kilichotangulia. Mara nyingi kilikuwepo: geti lililobamizwa, mgeni aliyeondoka bila kuaga, chungu kilichokwisha kabla yeye hajapakuliwa. Tulijifunza kutazama nyuma ya tendo kama dereva anavyotazama kioo.

Alikuwa anakaribia miaka saba alipolia kwa mara ya kwanza mbele yangu. Alikuwa anakimbia kutoka bombani, akajikwaa kwenye kizingiti cha duka, goti likachubuka. Lilikuwa jeraha dogo. Alikaa chini, akalitazama, halafu akanitafuta kwa macho, akanipata, na mdomo ukaanza kutetemeka. Kisha ikatoka sauti kubwa, mbaya, ya mtoto anayelia. Niliangusha kitenge cha mteja. Nilimbeba, akanishika shingo kwa mikono miwili, akalia mpaka nguo yangu ikalowa begani, na mimi nikawa nasema alhamdulillahi, alhamdulillahi. Mteja alikusanya kitenge chake, akanitazama vibaya, na sikumlaumu.

Mdogo wangu alirudi mwaka uliofuata. Alikuwa amekonda, anakohoa kidogo, na Kiswahili chake kilikuwa kimekuwa cha Kikongo kabisa. Alikuwa amemletea mtoto gauni la rangi ya waridi, dogo kwa umri wake. Alipoingia dukani na kunyoosha mikono, mtoto alirudi nyuma yangu, akashika kanga yangu, akachungulia.

"Ananiogopa," mdogo wangu alisema. Uso wake ulikunjamana. "Mutoto wangu ananiogopa. Mulimuambia nini?"

"Hatukumwambia kitu. Hakujui."

"Zamani hakuogopa mutu."

"Zamani alikuwa mgonjwa," nilimwambia. "Huku kuogopa ndiko kupona."

Hakunielewa, na haikuwa rahisi kuelewa. Mtoto aliyemwacha akimkumbatia kila mpita njia, sasa anamjua aliye wake na asiye wake, na mama yake yuko upande wa pili. Nilimpeleka uani, nikampa chakula. Nilimwambia nimefika Katwe. Aliacha kula.

"Nilimufungia asikufe," alisema. "Dada, wewe haukumuona yule mwengine. Mimi nilimutoa mu maji. Ngozi yake ilikuwa nyeupe, na macho yake. Nilisema, wangu hapana. Wangu ataishi."

"Na ameishi."

"Sasa nilikosa nini?"

Nilimjibu kwamba sikumwita uani kumhukumu. Nilimweleza kama musawo alivyonieleza, na vizibo vya soda sikuwa navyo, nikatumia kokwa za parachichi. Aliuliza swali moja tu: kama mtoto alijua kwamba yeye alikuwa anarudi kila jioni. Nilimwambia sijui. Mtoto wa mwaka mmoja hajui jioni ni nini. Hapo alilia, na nilimwacha alie, na nilikaa pale.

Hakuondoka na mtoto na hakuondoka peke yake. Alipanga chumba Bwera, nyuma ya soko, akaanza kuuza samaki wakavu wanaotoka Katunguru. Kila alasiri alikuja dukani, akakaa kwenye mkeka. Musawo alisema asimvute mtoto. Aje tu, saa ile ile, na aondoke kwa kuaga. Kwa mtu wa miguu ya kutembea, hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko chumvi. Zipo siku hakutokea, na nilimfuata chumbani kwake nikamkuta amelala ameelekea ukutani. Nilimpeleka naye kwa musawo. Alikwenda mara chache, akaacha, akarudi.

Mtoto alianza darasa la kwanza akiwa mrefu kuliko wenzake wote. Mpaka sasa kusoma kunamshinda. Herufi zinamkimbia, na kelele zikizidi darasani hutoka nje bila ruhusa. Hesabu anaiweza. Mwalimu wake amekubali mlango ukae wazi hata wakati wa mvua, na walio karibu na mlango hulowa. Wapo wanaosema bado ana kitu. Ni kweli, anacho. Musawo hakuwahi kutuahidi mtoto mwingine; alisema nyumba iliyojengwa na ufa unaweza kuitia nguzo, ikasimama, watu wakaishi humo.

Baadaye mdogo wangu alianza kwenda Katunguru mwenyewe kununua samaki. Mara ya kwanza alikuja kuaga kama alivyofundishwa, akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Ninaenda Katunguru," alisema.

"Utarudi lini?" mtoto aliuliza.

"Siku ya Jumamosi. Mbele ya chakula ya mchana."

Jumamosi ilifika, chakula cha mchana kikapita. Gari alilopanda lilikuwa limeharibika karibu na Kikorongo, na simu yake haikuwa na moto kwenye betri. Mtoto alikaa kwenye kizingiti cha duka, akaenda barabarani, akarudi, akakataa kula. Jua lilikuwa limeshaegemea mlima mama yake alipoteremka kwenye bodaboda na kapu la samaki kichwani. Mtoto alimwona. Akasimama, akageuka, akaingia ndani, akaketi nyuma ya rafu na mgongo wake umetugeukia.

Mdogo wangu alitua kapu. "Nini tena?" aliniuliza kwa unyonge. "Nilifanya nini?"

"Amekasirika," nilisema. "Alikuwa anakungoja."

Alisimama akiwa ameshika kiuno, harufu ya samaki imejaa dukani, wateja wawili wakitutazama. Kisha akavua viatu, akaenda nyuma ya rafu, akakaa chini kando ya binti yake, si karibu sana. Nilimsikia akianza kumweleza habari za gari: lilivyotoa moshi, dereva alivyotukana, kondakta alivyotumwa maji na kurudi na chupa ya soda. Mama yake akaendelea kueleza. Baada ya kitambo nikasikia sauti ndogo, bado ina hasira, ikiuliza kama gari lile lilikuwa na honi.